Jumanne, Saa Mbili Kasorobo

Kidole kimoja hakivunji chawa, nilifunzwa.
Sikufunzwa ni nani huvikusanya vidole
Jumanne, saa mbili kasorobo, mjini Cardiff,
mvua ikilipiga dirisha kwa ubavu
na mashine ya kahawa imegoma tena.

Ni mimi.

Napanga viti sita na skrini tatu.
Daktari Gethin wa upasuaji yuko Swansea, sauti inakatika.
Daktari Padmini wa mionzi anatafuna tufaha,
kasahau kuzima maikrofoni.
Wa maabara yuko Birmingham: kipande cha nyama
cha Eirlys Pritchard kilimfikia jana kwa treni,
juu ya kioo chembamba kama ukucha wa mtoto,
baada ya kulala wiki tatu kwenye droo
kwa kuwa fomu ilikosa sahihi moja.
Sahihi hiyo niliifuata mwenyewe, ghorofa kwa ghorofa,
kama mdai wa mwisho wa mwezi.

Uvimbe wake una jina refu kuliko mtaa anaoishi.
Daktari wa kijijini kwake, miaka ishirini na sita kazini,
alikuwa hajauona. Alimwambia hivyo, hakuficha.
"Basi tumekutana wajinga wawili," Eirlys akamjibu,
na hapo ndipo faili lilipoanza kutembea.

Wanabishana. Tukate kwanza. Tuchome kwanza. Ngojeni.
Mmoja amewahi kuwaona wanne, mwingine wawili,
wa Birmingham kumi na mmoja,
naye wa Birmingham si msemaji.
Wakijumlisha macho yao, wagonjwa kumi na saba:
hiyo ndiyo elimu yote tuliyo nayo chumbani.

Mkononi nina karatasi ya Eirlys,
mgongo wa risiti ya chakula cha kondoo:
*Nitaweza kupiga magoti? Machi kondoo wangu huzaa.*

Nakohoa. Nasoma.

Hata Swansea haikatiki.
Gethin anauliza ni goti lipi.
Padmini analiweka tufaha chini.
Na yule wa Birmingham, polepole:
mionzi ikitangulia wiki tano,
kisu kinaweza kupita kando ya mshipa wa fahamu.
Kinaweza. Sijasema kitapita.

Naandika "kinaweza". Sipunguzi, siongezi.

Mama hunipigia kutoka Pangani: mwanangu,
kazi yako hasa nini? Hudungi sindano, hukati.
Napanga viti, mama.
Hucheka: hata mpanga viti wa harusini hula pilau.

Saa nne nampigia Eirlys. Mbwa anabweka nyuma yake.
Namtajia majina yote tisa, moja moja,
awajue walioketi kwa ajili ya paja lake.
Kimya kidogo. Kisha: "Na wewe ndiye wa kumi?"

Sikuwa nimejihesabu.

"Haya, nipe na namba yako," asema.
"Taja taratibu. Kalamu hii inakwaruza tu."