Bibi wa Kwenye Dashibodi

Nikitia ufunguo asubuhi, injini haijakohoa bado,
sauti ya kike hutoka kwenye dashibodi,
Kijapani laini, neno juu ya neno,
kama mtu anayekunja kanga.
Mama, kiti cha mbele, mkoba magotini,
hujibu: "Waalaykum salaam, mwanangu."
Ndipo tuondoke.
Kama tutaondoka.

Maana Vitz hii, iliyoshushwa Mkoani na kutu yake mfukoni,
niliinunua kwa karafuu za ule msimu mkubwa,
mikarafuu kumi na miwili ya Kangagani,
na siku ya kwanza nilipoiegesha mlangoni, hapa Wete,
Bi Mize wa jirani aliizunguka mara moja, akasema:
"Alhamdulillahi, tumepata gari."
Tumepata.
Sikulitilia maanani lile "tu".

Ikaenda harusi ya Micheweni, ikarudi
na mawaridi ya karatasi yamegandishwa boneti kwa gundi isiyotoka.
Ukaja uchungu wa Bikombo, saa nane usiku;
tukawahi hospitali, mtoto akazaliwa salama,
kiti cha nyuma ndio basi tena.
Mafuta? Hakuna aliyeuliza.
Gari ya jirani, yakhe, inakwenda kwa dua.

Karafuu zikianikwa, majamvi hula nusu ya barabara,
nami hupita pembeni kama apitaye mbele ya wanaoswali,
tairi moja mtaroni,
mwenye jamvi akinitazama tairi, si uso.

Fundi Faki Shaame ana maneno mawili: kidogo tu.
"Bushi hizi. Kidogo tu."
Kidogo hicho hutoka Unguja, kwa boti,
kwa mkono wa mtu anayemjua mtu,
na kikifika si chenyewe: ni cha Passo,
au ni cha kulia, nami mgonjwa wangu ni wa kushoto.
"Kitaingia," husema Faki, keshashika nyundo.

Kioo cha dereva kilikwama nusu tangu masika.
Nimeziba kwa gunia la mchele, maandishi nje,
hivyo Chake Chake nzima inanijua:
Kilo Hamsini, Daraja la Kwanza.
Na chini kutu inakula kimya kimya, kama riba.
Juzi mwanangu Rayhan alitia kidole sakafuni
akaniambia, "Baba, naiona lami inapita."

Kisha akarudi Nassor, mpwa wangu, miaka minne Osaka.
Mama akamvuta mkono: "Njoo umsikie mwenzetu anavyoamkia."
Nikatia ufunguo.
Nassor alicheka mpaka akauegemea mlango,
na mlango ule hauegemewi.
"Bibi, huyu haamkii. Anasema kadi haijatiwa.
Kwao barabara hulipiwa. Anataka kadi ya malipo."

Miaka mitatu.
Kila siku ya Mungu, kabla ya bima, kabla ya leseni ya njia,
kabla ya Faki na kidogo chake,
nadhani nasalimiwa,
kumbe nadaiwa.

Nikamwambia Nassor akichomoe kidude hicho.
Akaleta bisibisi.
Mama akamshika kiganja.
"Wote wanaomdai huyu baba yenu hugonga mlango kwa ngumi.
Mmoja tu ndiye anayedai kwa adabu, naye mnataka kumng'oa ulimi?
Mwacheni."

Leo asubuhi nikatia ufunguo. Bibi akadai kadi yake.
"Waalaykum salaam," mama akamjibu.
"Inshallah mwisho wa mwezi, mwanangu."
Injini ikakohoa, ikafikiri,
ikakataa.
Bi Mize alikwishatoka, kanga kaikaza kiunoni,
mikono yote miwili juu ya buti, tayari kusukuma.
"Gari yetu," akasema, "haikulala vizuri jana."