Picha ya Nne

Kamera ni ya baba. Zenit, nzito kama jiwe la kusagia chumvi,
na miaka thelathini haikupiga ila nyuso:
nyuso za Lenjeri nzima mbele ya shuka jeupe,
za kubandikwa kwenye vitambulisho.
"Usicheke," baba alikuwa akisema, "serikali haicheki."
Leo naielekezea uso usiodaiwa kitambulisho.

Sina miguu mitatu ya kuisimamishia.
Nina kilo mbili za maharage kwenye mfuko wa unga,
nimeuweka juu ya ukuta wa mawe,
nimeukandakanda kama mto wa mtoto mchanga
mpaka kamera ikalala, ikatulia.
Lenzi ni ileile ya nyuso, fupi.
Najua mwezi utatoka mdogo kama punje ya mtama.
Na uwe punje. Mlima ndio sinia.

Mtaka cha mvunguni huinama;
mimi nataka cha mbinguni, na bado nimeinama,
goti moja kwenye mavi ya ng'ombe,
jicho kwenye tundu,
shavu likigandia chuma.

Mwezi uliopita nilikuja usiku wa mwezi mpevu,
nikakosea. Ulipochomoza, mlima ulikuwa umekwisha zimika.
Nikiupimia mwezi mwanga, Tetnuldi inakuwa kaa;
nikiupimia mlima, mwezi unakuwa tundu la sigara kwenye pazia.
Ukitaka kuipata yote miwili, njoo siku moja kabla,
jua likiwa bado linaaga theluji,
na mwezi wenyewe haujatimia, umepungua ukingoni
kama jibini lililoonjwa na mtu asiyetaka kujulikana.
Hilo sikufundishwa. Nimelilipia kwa filamu.

Zimebaki picha nne.

Ya kwanza naipiga kwa pupa, ncha tu ya mwanga imetokeza.
Kisha natulia. Natega kifyatuo kijifyatue chenyewe,
mkono wangu usije ukatikisa;
kinavuma kama nyuki ndani ya chupa,
nami narudi nyuma hatua tatu, nimebana pumzi,
kana kwamba pumzi yangu ingesogeza mlima.
Tak.
Theluji ya waridi, mwezi juu ya bega lake.
Tak, tena.
Halafu waridi linakuwa majivu, na baridi inashuka.

Ya nne naiachia giza. Nafungua jicho la kamera
na kulifungia wazi, nihesabu mpaka ishirini.
Nimefika tisa, tochi inakatiza uwanja.
"Zima tochi, Bimurza!"
"Zima wewe mwezi wako! Ng'ombe anazaa!"

Kwato moja ilikuwa nje, nyingine imekwama.
Tulifunga kamba, tukavuta anapovuta yeye,
tukaacha anapoacha,
Bimurza akimbembeleza kwa maneno ambayo mkewe,
nadhani, hajawahi kuyasikia.
Niliporudi ukutani mikono ilikuwa na damu hadi viwiko,
na kamera bado imekodoa,
haijapepesa.

Filamu ilishuka Kutaisi na dereva wa basi
ikakaa huko, mashine mbovu, fundi kaenda msibani.
Mwezi mzima kuungoja mwezi.

Tatu zimetoka kama nilivyotaka:
punje, sinia, bega, waridi.
Ya nne mwezi si mwezi, ni mchirizi,
mtu kakwaruza anga kwa msumari.
Theluji inang'aa kama mchana wa mahali pengine,
na chini, tochi imeshona uzi wa manjano
kutoka mlangoni kwake hadi zizini,
na pale zizini uzi umejifunga fundo.

Bimurza ameipeleka dirishani, ameitazama sana.
"Ndama yuko wapi?"
Nikaweka kidole kwenye fundo.
"Hapa."
"Na sisi?"
"Hapohapo."
Akaichukua, hakuomba.
Zile tatu nzuri hakuzitazama mara mbili.

Maharage tumeshayala.