Lita Saba

Nilimkuta kaunta ya kituo cha mafuta, Ballinamore,
kati ya betri za tochi na peremende za kikohozi:
sidii moja, yuro kumi,
jaladani ndoo ya bati imepinduliwa nyasini.
Caoilfhionn Tarpey. Herufi kumi na moja za jina
kwa silabi mbili tu za kutamka.
"Binti wa fundi bomba wa Mohill," akasema muuzaji,
"albamu yake ya kwanza. Mamangu aliisikiliza akalia.
Lakini mamangu hulilia hata utabiri wa hali ya hewa."
Nikainunua kwa ajili ya kicheko kile.

Mimi hukusanya maziwa.
Saa kumi za usiku niko barabarani,
tangi tupu nyuma yangu linavuma
kama tumbo la mtu aliyefunga.
Miaka kumi na tisa nimesikiliza redio:
bei ya ndama, ajali, mvua, mvua tena.

Wimbo wa kwanza, gita na pumzi. Nikasema haya, mwingine.
Wa pili ulichangamka, kidole kikagonga usukani bila ruhusa yangu.
Wa tatu niliukosa: mbwa wa akina McGarty
alikuwa akilidai tairi ushuru wake wa kila siku.
Wa nne, wa tano, milima, ukungu, nimesahau.
Wa saba ulinikuta uani kwa Concepta Gilhooly,
mpira umeshaunganishwa, pampu inanyonya.

Hauna fidla. Hauna chochote.
Sauti peke yake, imepasuka kidogo ukingoni
kama kikombe usichoweza kukitupa,
inasema habari za lango
lililofungwa kwa kamba ya buluu,
fundo juu ya fundo,
na mkono uliolifunga
umesahau hasira, unakumbuka mafundo.

Basi.

Lango hilo nalijua. Si lake yeye, ni langu.
Kamba ile ile ya marobota ya majani makavu.
Nilimfungia ndugu yangu Fergal
kwa ajili ya shamba lenye matete kuliko nyasi,
shamba ambalo hata bata
huliingia kwa kusitasita.
Ndugu wakigombana, husemwa, chukua jembe ukalime.
Nami nikaishika neno kwa neno: nikalima.
Yeye akachukua ndege. Perth.
Miaka kumi na mmoja, hata kadi ya msiba wa baba
niliiandika nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani.

Sikulia. Nalisema mapema
kwa sababu Concepta atawaambia nililia.
Aligonga kioo, mvua inamchuruzika puani,
akidhani nimeshikwa na moyo kama marehemu mumewe.
Nikamfungulia. Akapanda na mabuti yake, na samadi yake,
nikaurudisha wimbo mwanzo.
Hatukutazamana.
Ulipokwisha akasema,
"Mtoto huyu hajafika hata thelathini. Nani kamwambia?"
Akashuka kwenda kwa ng'ombe wake,
akapiga hatua kumi, akageuka:
"Urudie. Na mlango uache wazi."

Adhuhuri kiwandani wakanipigia simu.
Stakabadhi ya Gilhooly:
palipostahili elfu mbili mia moja na arobaini
nimeandika saba.
Lita saba, kwa mwandiko mzuri, na sahihi chini.
Wakacheka. Nikacheka nao,
kicheko kikanifia mdomoni.

Jioni nilikwenda langoni na kisu cha mfukoni.
Mafundo yameota kuvu, yamekuwa mawe.
Nilikifungua kisu, nikakifunga.
Nikatumia kucha.
Moja. Baada ya kitambo, la pili.
Giza likanikuta, mvua ikanikuta,
yamebaki matatu.

Kesho nitapita tena kituo cha mafuta.
Nitauliza kama inayo nyingine sidii ile,
na stempu ya kwenda Australia ni kiasi gani,
na muuzaji akiniuliza ni ya nani
nitamwambia ya mtu asiyependa nyimbo.

Wakipatana, yamalizia methali, chukua kapu ukavune.
Kapu sina.
Bahasha ninayo.