Folda Isiyo na Jina

Nabintu alileta flashi imefungwa kwenye kitambaa,
fundo juu ya fundo, kama pesa ya mahari.
"Fundi, iliniangukia matopeni, ngazi za Kadutu.
Humo ndani mna mdogo wangu."

Nikaianika juu ya redio ya mteja mwingine.
Umeme ulikuwa umerudi saa hiyo hiyo. Tukawahi.

Mdogo wake ni Cirhuza, yule wa Cimpunda,
aliyekwenda Denmarki kusafisha samaki.
Mwaka wa nne huu hapigi simu.
Ametuma hii tu, kwa mkono wa padri mgeni,
bila barua. Folda tupu za muziki,
kila folda na jina la mahali.

Himmerland.
Kodiani ikavuta pumzi, ikaitoa, ikavuta,
kama mbeba makaa akipanda Nyamugo.
Ila huko hakuna cha kupanda. Cirhuza alishasema:
nchi yao imelala kama mkeka,
upepo haupati pa kuegemea.
Ndiyo maana wimbo hauteremki. Unakwenda, unakwenda.

Fano, kisiwa. Fidla mbili na kisigino sakafuni.
Watu wawili wawili wanazunguka, nguo zao zinasikika,
wanazunguka na hawafiki popote.
Nabintu akacheka: "Hawa wanatwanga muhogo bila kinu!"
Nikaurudisha wimbo.
Mguu wangu ulikuwa umeshaelewa.

Fyn: utamu, matofaa, maua ya dirishani.
Nasema ukweli, niliuruka.

Bornholm. Mwanamke peke yake, na jiwe.
Sijui nilisikiaje jiwe, lakini lilikuwepo,
na bahari ikilisugua pasipo haraka.

Kopenhagen, hapo ni ngoma na mashine,
fidla imekatwa vipande kama mishikaki,
katikati mtu anaimba Kiarabu
na hakuna anayemwuliza karatasi zake.

Nikazima kidogo, nikatazama nje.
Bukavu yetu nayo ni vidole vitano
vimetumbukizwa ziwani kupima maji,
na Nguba haiongei kama Labotte.
Kwa nini nilidhani Wazungu wana sauti moja?

Ikabaki folda moja. Haikuandikwa kitu.

Nabintu akaenda kumwita mama yao.
M'Cibalama akashuka polepole, viatu mkononi,
akakaa juu ya gunia langu la betri mbovu,
akasema hana masikio ya mambo ya Ulaya.

Fidla kwanza, peke yake, ndefu.
Kisha chini yake, kama mtu anayebisha mlango
akiogopa kuamsha watoto,
lulanga.

Lulanga ni waya mmoja.
Wageni huhesabu nyuzi nane, wanajidanganya:
ni waya mmoja tu, unaokwenda mpaka ukingoni,
ukapinda, ukarudi, ukaenda tena.

Mama hakulia. Aliinua kidole.
"Sikiliza wa tatu. Anauwahi.
Baba yake alimchapa kwa huo wa tatu,
akamchapa mpaka akachoka yeye."

Tukasikiliza. Kweli, waya wa tatu ukaja mapema,
ukatoka foleni kama mtoto aliyeona sambaza motoni.
Na fidla, fidla ya yule mtu wa mbali
ambaye jina lake hatutalijua,
haikumkemea. Ilisimama.
Ikamngoja.
Wakaendelea pamoja.

Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu
yule wa fidla naye akawahi, makusudi,
na nyuma yao tukasikia mtu anacheka:
kicheko cha Cirhuza, kifupi, cha puani.

"Anakula," akasema mama.
"Huwezi kupiga hivyo na njaa."

Nabintu akafungua fundo la kitambaa kutafuta franka.
Nikamwambia aache, umeme utakatika.

Mama akavaa kiatu kimoja.
Akakivua.
"Fundi, rudisha.
Nirudishie pale anapokosea."