Kipande cha Kopo

Ilikufa kwenye mwinuko wa Fanja, saa saba mchana,
mwezi wa Juni, lami inanuka kama ukoko ulioungua.
Kwanza kelele: changarawe ndani ya birika.
Kisha gurudumu la nyuma likagoma, likachora mstari mweusi,
na mimi juu, helmeti imenilalia jichoni,
natoa maneno ambayo mama hakunifunza.

Ilitoka kiwandani mwaka wa themanini na sita.
Ina umri kuliko meneja wangu.
Mimi nasoma mita za maji, Bidbid mpaka Sumail,
nyumba mia na arubaini kwa siku, mbwa wakilala,
na bila ya pikipiki hii
mimi ni mtu mwenye kalamu tu.

Kwa wakala, Ghala, kijana mwenye marashi
aliitazama kompyuta, pikipiki hakuitazama.
"Riali mia mbili na themanini. Bila ya kazi."
Nikamwambia niliinunua kwa mia na ishirini.
Akatabasamu, akaniletea maji baridi.
Nikayanywa. Yalikuwa ya bure.

Basi Wadi Kabir, nyuma ya duka la betri,
kwa Shakuri, ambaye Kiswahili chake ni maneno matatu
na Kiarabu chake na changu hukutana njiani vikichechemea.
Tukaifungua. Pistoni imeng'ang'ania silinda,
imekwaruzika ubavuni kama mtu aliyeburutwa.
Akachovya kidole mahali pa oili.
Kikatoka kikavu.
Akaninyooshea kidole kile kile, kimya.

Sikuwa na la kujibu. Tangu Shaabani
naona tone moja chini yake kila asubuhi
na kila asubuhi nalimwagia mchanga.
Ufa niliuona, jamani. Niliutandikia mkeka.

Hesabu, nyuma ya risiti ya umeme:
kukereza silinda, kwa Kunjumoni, riali sita
(alitaka nane, nikamwonyesha viatu vyangu);
pistoni ya saizi ya juu na ringi zake, nne na nusu,
imetoka Karachi sandukuni mwa msafiri, imevishwa soksi;
oili, mbili. Gasketi,
gasketi alinikatia Thuwaiba sebuleni
kwa mkasi wake wa kushonea kofia,
akifuata wino tundu kwa tundu, miwani puani.
"Kofia ya nani hii, mwenye kichwa cha mraba?"
Hakucheka. Nilicheka mimi. Kisha akacheka.

Lakini ninalotaka kusema ni hili.
Nilipokuwa nasugua kichwa cha injini kwa mswaki na petroli
nilikuta, chini ya springi ya vali, kipande cha bati,
kimekatwa duara na mkono usio na haraka,
upande mmoja bado una rangi:
pembe ya ng'ombe, na jicho lake moja,
kutoka kopo la maziwa ya zamani.

Mtu alishapita humu.
Springi yake ililegea, na mfuko wake vilevile,
akamaliza maziwa ya chai, akalikata kopo.
Simjui. Mbalushi wa Mawaleh aliyeniuzia
naye aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu.
Shakuri alitaka kukitupa; anayo washa ya kiwandani,
baisa mia mbili, inang'aa.
Nikamshika mkono.
Tukakipima. Bado kimenyooka.
Tukakirudisha, jicho likitazama juu.

Ijumaa, teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi.
La tano, moshi wa buluu, majirani wakafunga madirisha,
halafu ule mgurumo wake wa mzee anayesimulia.

Siku hizi nalaza kadibodi chini yake usiku.
Juzi ilikuwa kavu. Jana kavu.
Leo, tone moja, dogo, la mviringo.
Nikautazama mchanga.
Nikaenda kuchukua spana.