Mbwa wa Watu

Nilikwenda kununua bawaba ya mlango wa ghala.
Januari, Duluth, ziwa limeganda mpaka jicho linapochoka,
na baridi imenifuata hadi ndani ya duka la vyuma
kama mdai asiyeona haya.

Kisha, kwenye kipaza sauti cha darini,
kati ya tangazo la rangi na tangazo la chumvi ya barabarani,
gitaa likakohoa mara tatu.
Magoti yalitambua kabla ya masikio.

Ni wimbo wa kipuuzi, nakubali.
Mbwa anaiba lori la aiskrimu,
polisi wanamkimbiza, yeye anapiga honi,
na kwenye kiitikio wanaume wanne wenye ndevu zao
wanabweka, kwa makini ya wanakwaya.
Hauna hekima hata ya kujaza kijiko.

Lakini Orrin alikuwa na miaka kumi na tisa
na kaseti ilikuwa imenasa kwenye redio ya gari lake la kijani.
Haitoki, haibadiliki. Kiangazi kizima cha sabini na nane
tuliushindia na kuulalia wimbo huo.
Mimi kiti cha nyuma, magoti yamenata kwenye plastiki,
kazi yangu moja tu: kubweka panapostahili.
Nikichelewa, alisimamisha gari kando ya njia,
akageuka na uso wa hakimu:
“Verna. Mbwa wa watu anakutegemea.”

Mama alisema tutapotea akili.
Baba hakusema kitu, ila siku moja tulimsikia
bafuni, maji yakimwagika, akibweka.

Novemba, kanisani, sikulia.
Kinanda kilikwenda taratibu, nyimbo zilijaa maana,
watu walinishika bega, wakaniacha, wakanishika tena.
Macho makavu kama karatasi ya msasa.
Nikadhani ndivyo nilivyo, basi.
Kumbe machozi yalikuwa yanamngoja mbwa.

Pale pale, bawaba mkononi, bei haijabanduliwa,
mwanamke wa miaka hamsini na nane
anajifuta pua kwa glavu ya sufu
kwa ajili ya lori la aiskrimu.

Kikaja kiitikio.
Nyuma ya rafu ya misumari, mtu nisiyemwona
akabweka. Mara moja, chini chini, kwa haya.

Nami nikabweka,
nimechelewa nusu pigo,
nikasimama nikingoja gari lisimame.