Sekunde Nne, Riga

Kopo namba mia nne na kumi na saba
linanuka siki kabla sijalifungua.
Ndivyo filamu inavyozeeka: inachachuka kama maziwa,
inajikunja, kisha inakuwa unga
unaomwagika mkononi pamoja na mawaziri na kofia zao.

Navaa glavu. Nauzungusha mkanda kwa kidole.
Manowari iliyovishwa maua. Mkutano:
wanaume kumi na mmoja wanatia sahihi,
na wa kumi na mbili, asiyetajwa popote,
anainama kuupuliza wino ukauke
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
Huyo ndiye ninayempenda.

Halafu barabara. Vifaru. Halafu yeye.

Mwanamke wa gauni la madoa, mstari wa mbele,
mkono juu, mdomo wazi.
Sekunde nne.

Nimemkuta katika makopo matatu.
Mwaka wa arobaini, msimulizi anasema kwa Kirusi
kwamba anawalaki wakombozi.
Mwaka mmoja baadaye, kwa Kijerumani,
anawalaki wakombozi.
Arobaini na nne, Kirusi tena, sauti nzito zaidi,
na wakombozi wale wamerudi kukikomboa kilekile.
Gauni halijabadilika. Mkono haujachoka.
Vifaru tu ndivyo vilivyobadilishwa kwa mkasi na gundi,
kazi safi, nakiri,
mimi ninayekula kwa mkasi na gundi.

Na zile shangwe?
Kamera ya siku ile haikuwa na masikio.
Shangwe zilipachikwa studio. Nimezisikiliza usiku kucha
mpaka nikasikia, chini ya kelele, filimbi ya refa.
Ni mechi ya mpira. Mtu alifunga bao
na jiji zima likakombolewa.

Jumanne moja aliletwa na mpwa wake: Hermine Vitola,
miaka tisini na mmoja. Koti hakuvua.
Mkoba magotini, kama abiria anayekaribia kushuka.
Nikazima taa, nikaonyesha picha bila sauti.
Alipojiona hakushtuka. Alisema,
"Lile gauni lilikuwa la dada yangu."
Kisha, "Rudisha."
Nikarudisha. Mara sita.
Ya saba akainuka, akaenda mpaka kwenye kitambaa,
na kivuli cha kidole chake kikafunika kifaru kizima.
"Alikuwa hapa. Nimemshika. Nikamwachia kidogo tu
nivute soksi.
Nilikuwa namwita Ilgonis."

Mkono wa kuaga, wa kulaki, wa kuita:
kwa mbali ni mkono mmoja.

Sikumwuliza kama alimpata.
Mpwa wake alikuwa akinitazama nisiulize.

Walipoondoka nilimtafuta yule mtoto kwa lenzi ya sonara,
fremu baada ya fremu, zote tisini na sita.
Kwenye ya sabini na moja kuna kitu, kona ya chini kushoto:
huenda kofia, huenda ndoo ya mtu,
huenda ni ukungu tu uliokula picha.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Lakini nikiivuta ile fremu karibu na taa
kofia inaelekea kugeuka,
na mimi, mtu mzima, mwajiriwa wa serikali,
najikuta nimeshika pumzi.

Kadi ya kopo imepigwa taipu kwa lugha mbili:
*Umati ukishangilia.*
Chini yake nimeandika kwa penseli,
maana hapa kalamu ya wino hairuhusiwi:
*Mama. Anaita.*

Mkuu wangu ameweka alama ya kuuliza pembeni,
naye kwa penseli.
Hakuna aliyefuta.